Domitille anachomoa waya ili majina ya watoto yasipotee

Saa tatu asubuhi, Domitille anachomoa waya wa umeme wa kompyuta inayofanya kazi. Skrini inazimika. Anahesabu hadi kumi, anachomeka tena, anasubiri mashine iamke, kisha anayatafuta majina hamsini aliyoyaandika dakika mbili zilizopita. Anayakuta arobaini na mawili.

"Huit imepotea," anasema huku akiandika kwenye karatasi yake. "Na machine iliniambia yote iko bien."

Domitille ana miaka thelathini na minne, anaishi Bagira, na ndiye fundi pekee wa kompyuta katika shirika dogo la hapa Bukavu linalowatafuta watoto waliopotezana na wazazi wao katika vita hivi, ambavyo vimeingia mwaka wa nne. Mzazi akifika, maelezo yake yanaingizwa kwenye seva. Mtoto akiokotwa mahali, naye anaingizwa. Seva ndiyo inayowaunganisha.

Karatasi hazibaki. Fomu zote huchomwa jioni ileile, maana orodha ya watoto na vijiji vyao ikiangukia mikononi mwa wenye bunduki, Mungu ndiye ajuaye watakachoifanyia. Nakala ya CD hutolewa mara moja kwa mwezi. Kabla ya hapo, jina la mtoto lipo kwenye diski moja tu, katika mji ambao umeme hukatika mara tano au sita kwa siku, na betri ya akiba ya ofisi ilikufa mwaka jana.

Sasa tazama diski hiyo ilivyopangwa. Mtaalamu aliyeletwa kwa ndege kuifunga seva alichagua mfumo wa faili wa zamani, yaani ile namna ya diski kupanga na kukumbuka mafaili, kwa sababu unaandika haraka. Akaongeza na lake: mashine isisubiri diski ithibitishe. Jina bado halijafika kwenye diski, skrini tayari inatangaza kwamba limehifadhiwa. Alikaa siku tisa, akapigwa picha na wafanyakazi, akaenda zake. Kwao umeme haukatiki.

Aliyelipa gharama ya haraka hiyo ni Bintu, mkulima wa Luhwindja aliyepotezana na binti yake Carmel, wa miaka sita, walipokuwa wakikimbia mapigano. Domitille mwenyewe alimwandikisha mwezi Machi. Bintu aliporudi mwishoni mwa Mei kuuliza habari, jina lake halikuwepo.

"Banasema sikukuya hapa," Bintu ananieleza. "Nilikuya na miguu siku tatu. Maman Domitille alinipatia kiti, akaniandika. Sasa minadanganya juu ya mutoto wangu?"

Aliyemwambia hivyo ni Polycarpe, mratibu wa shirika. Jina halipo kwenye seva, basi mama huyu hakufika. Niliposikia hayo hasira ilinipanda, na sijui kwa nini niifiche. Mtu ametembea siku tatu, halafu anaambiwa mashine inajua safari zake kuliko miguu yake.

Domitille alimwingiza upya. Jibu lilitoka papo hapo: Carmel wa Luhwindja, jina la mama Bintu, alipokelewa Aprili na familia moja karibu na Lwiro. Familia hiyo ilihama mwanzoni mwa Mei, risasi zilipolia, na hadi leo haijulikani ilipo. Maelezo ya Machi yangekuwepo, mama na mtoto wangekutana Aprili.

"Siku ile sikukula," anasema Domitille. "Njo nilianza kuchomoa ule waya."

Alichukua kompyuta mbili kuukuu. Moja aliipanga kama seva ya ofisi. Nyingine aliiwekea mfumo wenye daftari: kabla ya kugusa faili, unaandika kwanza unachotaka kufanya, ili umeme ukirudi ujue kazi iliishia wapi. Akaiamuru pia isubiri diski kabla ya kusema jina limehifadhiwa. Kila moja aliichomolea waya mara ishirini. Ya kwanza ilipoteza majina mara kumi na moja, na mara moja faili zima lilikataa kufunguka. Ya pili haikupoteza hata moja.

Nilikuwepo alipompelekea Polycarpe karatasi yenye hesabu hizo.

"Maman Domitille, ile yako iko lente," alisema mratibu, yaani inaandika polepole. "Rapport iko ya mwisho wa mwezi. Tungoje siège batuandikie."

"Papa Polycarpe, iko lente seconde mbili. Maman Bintu anangoja tangu mwezi wa tatu."

Mratibu akaiweka karatasi chini ya nyingine.

Jumatatu yanaingia majina mia sita na arobaini ya watoto kutoka Shabunda, na jioni fomu zake zitachomwa kama kawaida. Domitille hana nia ya kungoja barua ya siège, yaani makao makuu. Jumamosi atatoa nakala ya kila kitu, aisafishe diski, aweke mfumo wenye daftari na kurudisha majina. Mratibu ameshaarifiwa, kwa maandishi, na nakala ya barua ninayo mimi.

"Anaweza kunifukuza lundi, ile siku majina inaingia, hiyo iko kazi yake," anasema. "Lakini hakuna tena mama mwenye bataambia kama hakukuya."