Tai wa Dakika ya Mwisho

Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025, watazamaji thelathini na mmoja walijaa katika ukumbi wa video mjini Matuu. Mfasiri wa filamu alishika kipaza sauti kwa vidole viwili, kama ilivyo desturi yake. Wiki nzima alikuwa amewaapia kwamba malkia wa filamu hiyo angejiokoa mwenyewe, kama ilivyo katika kitabu ilikotolewa. Mara, filamu ikikaribia kuisha, tai akashuka na kumnyakua malkia kutoka motoni.

"Mama, umetudanganya," akasema Hared, mfanyabiashara wa mbuzi. "Na hiyo ndege imekuwa wapi masaa mawili yote?"

Mfasiri akakohoa kidogo. "Mzee, hiyo ndege malkia aliilea mwenyewe tangu yai, kwa hivyo amejiokoa. Kwa kitabu iko. Hawa wa sinema ndio wamekata hiyo sehemu."

"Hapo sawa. Rudisha nyuma tuone tena."

Kama kitabuni mna tai hata mmoja, hadi leo haijulikani.