Jiwe Lililonyamaza

Habari ya kifo chake ilinikuta katika soko la Mangobo: yule fundi wa nyavu kutoka upande wa Yanonge amekufa. Muuza samaki alisema ni tumbo. Mwenzake akasema ni ulozi, kwani mkono wa kulia wa marehemu ulikuwa umelegea, ukining'inia kama kitambaa. Niliacha samaki wangu pale pale. Nimebadili kazi nyingi kuliko mashati, wasomaji wangu mnanijua, lakini kazi moja niliifanya pamoja naye, na siku ile ilinirudia yote.

Tulimbebea mizigo Mzungu mmoja aliyetafuta madini kwenye vijito vya msituni. Alikuwa na kichupa cha tindikali. Akiangusha tone juu ya jiwe la chokaa, linatokota kama pombe changa. Lakini ndugu ya jiwe hilo, dolomiti, hupokea tone likanyamaza. Mpaka ulikwangue liwe unga ndipo litoe povu kidogo. Mimi niliyeacha shule mapema nilimuuliza hadi akachoka. Akaeleza kwamba zamani mno maji ya chumvi yalipenya polepole ndani ya chokaa, yakaondoa sehemu yake na kuweka magnesiamu mahali pake. Kwa nje mlima ni ule ule. Ndani umekuwa mwingine, na mara nyingi umebaki na matundu. Baadaye maji ya moto yaliyobeba risasi na zinki yakipita humo, huyaacha madini yake ndani ya matundu. Si kila dolomiti ina madini, alisema, ila ukikuta jiwe linalonyamaza, chunguza.

Tulichunguza, tukapata mawe mazito yanayong'aa. Marehemu alilipima moja mkononi, akacheka, akiita risasi kwa Kifaransa: "Hii iko plomb, ndugu! Hii iko uzito wa nyavu yangu." Kila siku kabla ya chakula Mzungu alituamuru tunawe. Hakusema sababu. Nasi tuliozoea kuitwa wachafu tukasikia tusi lile lile. Marehemu alikula mbele yake bila kunawa, kwa makusudi, na sisi tukampigia makofi.

Kazi ilipokwisha nilimsaidia kubeba gunia la mawe hayo hadi kwake Kabondo. Aliyachoma kwa makaa uani mpaka risasi ikatiririka, akaiyeyusha tena katika sufuria ya chuma ambayo mkewe aliachiwa na mama yake, akamimina vizito vya nyavu. Kisha sufuria ikasuguliwa kwa mchanga, ikapikiwa pondu, mboga ya majani ya muhogo.

"Mama, pondu yako iko na harufu ya kiberiti," nilimtania mkewe.

"Tonton, weye unakula na pua?" akajibu, akaniongezea.

Kabla ya kwenda matangani nilipita kwa muuguzi ninayemfahamu. Aliniambia risasi ni sumu inayoumiza tumbo na kulegeza mikono, na haitoki mwilini upesi. Huingia hata mifupani, ikakaa mahali pa chokaa ya mtu. Niliukumbuka ule mlima.

Nilikuta sufuria ile ile motoni, imejaa maharagwe ya waombolezaji. Kwetu chakula cha matanga hakikataliwi.

"Mama, hii sufuria isipike tena."

Mjane akanitazama. "Bon. Sasa hata weye unasema tuko wachafu?"

"Hapana, mama." Nikamweleza yote, kuanzia tindikali hadi mifupa.

Shemeji yake akacheka: "Alors, mawe inakula mutu?"

Mjane hakucheka. Alinyoosha mkono afunue sufuria. Vidole vilifika kwenye kifuniko, lakini kiganja kilining'inia, kikakataa kuinuka.

"Tangu lini, mama?"

"Mbele ya Noeli. Nilisema ni uchovu."

Tuliizika sufuria pamoja na maharagwe yake, na asubuhi iliyofuata nikampeleka mjane kwa muuguzi. Hakuahidi kitu.

Yule Mzungu alijua, akaamuru bila kueleza. Mimi nilieleweshwa mlima mzima, nisiulize habari ya mikono yangu mwenyewe. Onyo lisilo na sababu hupokelewa kama tusi. Basi anayejua aseme kwa nini, na anayeamriwa aulize. Vizito vya marehemu bado vimo katika nyavu kutoka hapa hadi Isangi, na ninyi wavuvi huvikaza kwa meno. Acheni. Sababu nimewapa. Mimi kila asubuhi, kabla ya kunawa, nanyoosha mkono kwanza, nione kama kiganja kitainuka.