Gundi Iliyotoa Ukungu

Setilaiti yetu ilikuwa ndogo, ya kupakata kama mtoto mchanga. Tuliiunda tukiwa chuoni, na katika kundi letu Wapemba tulikuwa wawili: mimi na ndugu yangu, mtoto wa mama mdogo. Tulilelewa nyumba moja Wingwi.

Wakati wa likizo tulivijaribu vifaa vyake nyumbani Wingwi, ndani ya sufuria nene yenye kifuniko cha kioo, tukifyonza hewa kwa kompresa ya friji bovu. Angani hakuna hewa, na kitu kizima hapa chini huweza kuharibika huko. Siku tuliyotia gundi ya kushikia kamera, kioo kilifanya ukungu. Gundi ilikuwa inatoa mvuke.

“Hii haifai,” nikamwambia ndugu yangu. “Itachafua lenzi.”

“Wallahi haifai. Nitatafuta nyengine.”

Nikamwachia kamera aimalizie yeye.

Jaribio lenyewe lilifanyika ng’ambo, katika tangi la chuma ambalo mtu angeweza kusimama ndani yake. Setilaiti ikafungiwa humo, hewa ikatolewa yote, ikapashwa joto kali kisha ikapozwa kwa baridi ya kutisha. Tangi lilipofunguliwa, lenzi ilikuwa na utando mweupe. Ilikuwa gundi ile ile.

Kwenye kikao profesa wetu akauliza nani aliichagua. Nikamsubiri ndugu yangu aseme. Alikuwa anatazama meza.

“Dada,” akasema kwa upole. “Nilimwambia haifai, akashikilia.”

“Mwongo!” nilipiga kelele, na kelele zile ndizo zilizonimaliza. Yeye mtulivu, mimi nafoka, wakamwamini yeye. Nikatolewa kwenye kundi.

Nilimfuata ukumbini. “Kwa nini?”

“Wewe hukosi kazi, dada. Miye wangenirudisha Wingwi.”

Lenzi ilisafishwa, gundi ikabadilishwa, setilaiti ikarushwa bila mimi. Mama mdogo akafanya shughuli ya kumpongeza mwanawe. Nilikwenda kwa heshima yake. Baada ya chakula akanitaka, kwa kuwa sasa nasomesha, niwaeleze wageni chombo kile kilijaribiwaje. Nikawaeleza tangi, joto na baridi. Nilipofika kwenye gundi sikuweza kujizuia, nikamtaja aliyeitia.

Ndugu yangu aliendelea kumimina chai. Mama mdogo, aliyenilea, akanishika mkono mbele ya watu wote.

“Mwanangu,” akasema, “muombe Mungu akuondolee husuda.”