Kifundo cha Mwenzangu

Majira yale ya machipuko timu ya chuo chetu, kule Ixelles, ilikuwa na mabeki wawili wa kulia na jezi moja tu ya namba mbili. Mmoja nilikuwa mimi. Wa pili alitoka Bukavu, hakuwa na ndugu Brussels, na alikuwa mwepesi kunizidi. Hilo lilinichoma. Jumamosi, kwenye mazoezi ya mwisho kabla ya kocha kuchagua, nilimkanyaga kifundo cha mguu kwa makusudi. Kocha alikuwa ametupa kisogo. Mwenzangu aliniona.

Sikujua kwamba Maman alikuwa amemwalika kula kwetu Jumapili baada ya ibada. Aliingia nyumbani Anderlecht akichechemea. Maman akaacha bukari, ugali wetu, jikoni, akaniamuru nilete maji ya moto yenye chumvi na nishike beseni. Nikalishika. Akaanza kumkanda.

"Nani alikuumiza hivi, mutoto yangu?"

Nikainamia beseni.

"Hapana muntu, maman. Nilianguka tu," mwenzangu akajibu.

Maman hakuamini hata kidogo. "Bon, tuombe," akasema, viganja vyake vikiwa bado juu ya uvimbe. "Bwana, mwenye alifanya hivi, umuonyeshe."

Tukaitikia amina, sote watatu. Yangu ilichelewa. Nilipofumbua macho, mwenzangu alikuwa ananitazama. Sidhani kama aliyafumba yake.

Jumatatu kocha alinipa ile jezi. Maman alipiga vigelegele mpaka jirani akagonga ukuta, akasema Mungu amejibu.