Majibu kwa Rifaat

Siku ya kuoka mkate ndiyo aliyoichagua Wajida kurekodi, kwa sababu siku hiyo nyumba nzima ilikuwa uani na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kununa. Madonge yalikuwa yamepangwa juu ya visahani vya udongo, yanaumuka juani. Mama mkwe wake, Hajja Shafika, alikuwa ameshachuchumaa mbele ya tanuri. Redio kaseti ilikuwa juu ya kigoda, imefunikwa kitambaa isiingie vumbi. Wajida aliondoa kitambaa, akabonyeza kitufe chekundu, akawaita wanawe.

"Haya, njooni mumsalimie baba yenu. Mmoja mmoja."

Walikuja wote wawili kwa pamoja, wakisukumana.

"Baba, mimi Rifaat. Jino limeng'oka. La mbele. Sikia!" Akapiga mluzi kupitia kwenye pengo, mluzi mwembamba wenye mate mengi.

"Mimi nataka ngamia!" alipiga kelele Hilal, aliyekuwa na miaka minne.

"Ngamia wanatoka huku kwetu wanapelekwa huko, mjinga we. Baba, usimsikilize huyu. Jana kala chaki ya mama."

"Sikula! Nililamba!"

"Alikula. Mdomo mweupe kama kapakwa chokaa. Baba, huko Kuwait kuna mto? Kama hakuna, mnaoga wapi? Na hesabu za kuzidisha nishafika saba. Sikia: saba mara moja saba, saba mara mbili kumi na nne..." Akaenda vizuri mpaka saba mara nane, hapo akakwama. Akarudia. Akakwama tena. "Saba mara nane... ngoja, usizime, mama, usizime..."

"Jaballa mwanangu," Hajja Shafika aliingilia kutoka kwenye tanuri bila kugeuka, "hawa wanao wamenimaliza. Mkubwa mdomo, mdogo ngumi. Ni wewe mtupu, umegawanywa mara mbili!"

Wajida alicheka, na kicheko chake kikaingia kwenye kanda. Kisha akaona aibu, akazima. Saba mara nane ikabaki hivyo hivyo.

Jaballa alikuwa fundi wa plasta, mwaka wa tatu huo yuko Kuwait. Hakujua kusoma. Mkewe alikuwa amehitimu chuo cha ualimu cha Sohag, Misri, tena kwa alama nzuri, na angeweza kumwandikia barua ambazo watu wangezihifadhi. Lakini barua ingesomwa na mwanamume mwingine, katika chumba cha mafundi wanane, huku wengine wakitega masikio. Nyumba ya Abul-Majd, ukoo wa Jaballa, haikuwa nyumba ya kuanika mambo yake. Kwa hiyo walitumia kanda.

Hata kanda ilikuwa na sheria zake. Mtaani kulikuwa na mke wa mtu ambaye kanda yake iliwahi kuponyoka ikachezwa kinyozini, wanaume wakacheka jinsi alivyokuwa akimlilia mumewe. Hajja Shafika alipoisikia habari hiyo alisema neno moja tu: sauti ya mke wa mwanangu haitaachwa ikizagaa. Tangu hapo Jaballa alikuwa akisikiliza kanda ya nyumbani ameibana redio sikioni chini ya blanketi, kisha anarekodi jibu lake juu ya kanda ile ile, kutoka mwanzo hadi mwisho. Maneno yakimwishia ananyamaza, anaiacha izunguke mpaka ikatike yenyewe, ili pasibaki hata neno la mkewe. Na katika kanda hakumtaja jina. Alimwita Mama Rifaat.

Wajida hakuiona sheria hiyo kuwa kali. Aliiona ya heshima. Naye alipoipata kanda alirekodi juu ya sauti ya mumewe vivyo hivyo. Miaka mitatu kanda moja yenye karatasi ya kijani ilienda na kurudi kwenye mifuko ya wasafiri. Hakuna kilichobaki, na hakuna aliyeona kuna kilichopotea.

Safari hii aliyeichukua alikuwa Mansi, jirani aliyekuwa akirudi kazini Kuwait baada ya likizo. Aliondoka Alhamisi.

Siku ya kumi na moja baada ya hapo walioka tena. Moto ulikuwa unafifia, na Wajida, mikono yake ikiwa na unga mpaka viwiko, alimwambia Rifaat akalete mabua ya mahindi kutoka kwenye lundo nyuma ya ukuta. Ni yeye aliyemtuma, na hakuwahi kusema vinginevyo. Mtoto alienda akipiga mluzi. Nge alikuwa ndani ya mabua. Walimkimbiza mtoto hospitali, sindano alichomwa, na waliomhudumia walifanya walichoweza. Lakini mwili ulikuwa mdogo na joto la siku ile lilikuwa kali. Alizikwa kabla ya jua kutua. Uani madonge yalikuwa yameumuka yakapitiliza, yakamwagika kutoka kwenye visahani, na hakuna aliyeyagusa.

Siku ya tatu ya matanga Hajja Shafika aliwakusanya wa nyumbani. Sauti yake ilikuwa imekauka kwa kilio.

"Jaballa asiambiwe. Yuko juu ya majukwaa ya ujenzi kutwa nzima, peke yake, hana ndugu wa kumshika mkono. Atajua akirudi, akiwa miongoni mwetu. Asije akapatikana mtu wa kumpelekea habari."

Waliosema baadaye kwamba Hajja Shafika alikuwa na moyo wa jiwe hawakuijua historia yake. Kaka yake aliletewa simu ya maandishi ya msiba akiwa ugenini, akapanda lori kurudi akiwa hana akili, akaanguka njiani akafa. Katika nyumba ile waliwaficha walio mbali kwa sababu waliwapenda. Wajida naye akakubali.

Siku ya tano ndipo alipokumbuka kanda.

Alikuwa anakunja nguo za mtoto. Alisimama ghafla, shati likiwa mkononi, akaenda hadi mahali alipokuwa mama mkwe wake.

"Hajja. Sauti yake iko Kuwait."

"Sauti ya nani?"

"Ya Rifaat. Iko kwenye kanda. Jaballa ataifuta."

Hajja Shafika alimsogezea mkeka aketi.

"Nitaandika barua," Wajida alisema. "Mstari mmoja. Asirekodi juu yake. Nitasema Hilal anataka kujisikia."

"Barua? Miaka mitatu hajapata barua hata moja, leo ije barua? Atapiga ukelele kabla hajaifungua. Mtu mzima akiona bahasha kutoka kwenu mnaotumia kanda, atafikiri nini?" Akanyoosha mkono akamshika mkwewe kifundo cha mkono, kwa upole. "Mwanangu, mimi pia namtaka. Lakini Rifaat keshaondoka. Jaballa bado tunaye. Unataka kumhatarisha aliye hai kwa ajili ya mluzi?"

Wajida aliiandika barua ile hata hivyo. Aliiandika kwa mwandiko wake mzuri wa chuoni, akaisoma mara mbili, akaona kwamba kila neno lilikuwa linanuka msiba. Akaichana, akatia vipande tanurini. Alijiambia kwamba pengine Jaballa alishaifuta siku ile ile aliyoipokea, kama kawaida yake, na barua isingebadilisha kitu. Neno hilo ndilo lililomwezesha kulala.

Kanda ilirudi baada ya wiki saba, imefungwa ndani ya soksi mpya ya kiume pamoja na viatu vya mpira vya rangi ya bluu. Aliyeileta alikuwa mtu wa kijiji cha pili, hakujua kitu, akaacha salamu akaenda zake. Wajida alimpeleka Hilal kwa jirani. Akaketi uani na Hajja Shafika, akaweka kanda ndani ya redio.

"Rifaat," ilisema sauti ya Jaballa, "mwanangu, mluzi wako nimeusikia. Mkali kama wa polisi! Mwezi mzima sijairekodi kanda hii kwa ajili ya mluzi huo. Kila nikitaka kubonyeza, nasema ngoja niusikie mara moja zaidi. Mama asikasirike, nilikuwa chini ya blanketi, hakuna aliyesikia."

Wajida alifumba macho. Mwezi mzima. Barua ilikuwa inachukua siku kumi.

"Hapana, huku hakuna mto," Jaballa aliendelea kwa furaha. "Kuna bahari, lakini maji yake ya chumvi, ukiyaoga unawashwa. Tunaoga kwa ndoo. Na mdogo wako mwambie ngamia nimemwona, nikamwambia kuna mtu kwetu Akhmim anakutaka, akakataa kupanda ndege. Chaki si chakula, Hilal, hata kama umelamba tu. Na saba mara nane, Rifaat. Nilijua utanikamata hapo, baba yako hajui. Nimemuuliza msimamizi wetu, kasema ni hamsini na sita. Hamsini na sita, usisahau tena. Viatu ni vyako, nimekisia mguu. Kama vimezidi, weka pamba, utavifikia."

Akamsalimia mama yake. Akamwambia Mama Rifaat kwamba amesikia alivyocheka. Kisha akasema, "Basi, nimemaliza. Sasa naiacha imalizike."

Nao wakasikiliza jinsi anavyoiacha imalizike. Alikuwa mtu mwaminifu, alifanya kazi hiyo kama anavyopiga plasta, bila kuacha shimo. Ilisikika glasi ya chai ikiwekwa chini. Ilisikika pumzi yake. Mara moja alikohoa. Dakika kumi na tisa za mtu aliyeketi kimya akilinda heshima ya mkewe, na chini ya ukimya huo, kama mtu aliyefukiwa, mtoto alikuwa bado anasema usizime.

Kanda ikakatika yenyewe. Hajja Shafika alikuwa amejifunika uso kwa shela.

"Mimi ndiye," alisema kutoka ndani ya shela. "Mimi ndiye niliyemfundisha hivyo."

Wajida aliitoa kanda ndani ya redio. Hakulikana neno hilo, wala hakumwongezea.

Siku mbili baadaye Hajja Shafika alikuwa amejikaza tena, maana ndivyo alivyokuwa. Mtu wa kijiji cha pili angerudi Kuwait Jumamosi, na kanda ilipaswa kujibiwa.

"Utaanza wewe, kisha Hilal, kisha mimi. Tutasema Rifaat yuko kwa mjomba wake mpaka shule zifunguliwe."

"Nirekodi juu ya hii?"

"Juu ya ipi nyingine?"

"Hajja, hii ndiyo iliyobaki. Ndani yake kuna saba mara nane. Kuna mluzi wa polisi. Ukisikiliza jibu, unasikia alichouliza."

"Ni sauti ya Jaballa hiyo, si ya mtoto."

"Naijua ni ya nani."

Aliichukua kanda, akaigeuza. Nyuma ya kila kanda kuna vijino viwili vya plastiki, na kikivunjwa kijino, upande wake haurekodiki tena. Aliwahi kusikia wauza kanda wakisema hivyo. Akachomoa kibanio cha nywele chini ya ushungi wake, akavunja kimoja, kisha cha pili. Vilidondoka juu ya mkeka, vidogo kama kucha.

"Sasa imekuwaje?" aliuliza Hajja Shafika.

"Sasa hakuna atakayeifuta. Si mimi, si yeye, si wewe. Nitanunua nyingine, na katika hiyo sitasema uongo. Akirudi akakuta nimemwigizia mwanawe yuko kwa mjomba, nitamtazamaje? Kuficha ni heshima, Hajja, nakubali. Lakini kumdanganya kwa sauti ya Hilal si heshima ya nyumba hii."

Kuku aliingia uani akadonoa chini ya visahani vya udongo, akatoka.

"Kama ni kuambiwa," alisema Hajja Shafika mwishowe, "ataambiwa na mimi. Mimi ndiye niliyemzaa. Na Mansi awe ameketi naye anaposikiliza. Mwambie yule mtu ampe Mansi kwanza."

Kanda mpya ilikuwa na karatasi nyeupe. Wajida alibonyeza kitufe chekundu. Hajja Shafika aliinamia redio, akaweka kiganja chake juu ya kigoda kama anavyogusa bega la mtu.

"Jaballa mwanangu. Keti chini. Mansi, mshike."

Jaballa alirudi kabla ya mwezi kwisha. Hakumlaumu mtu, na katika nyumba ile halikusikika neno ambalo jirani angeweza kulichukua. Alikaa kando ya kaburi siku nzima. Aliporudi, Wajida alikuwa na swali moja tu, na alikuwa amelitunza tangu siku ya kanda.

"Wewe ulimsikia mwezi mzima. Niambie tena alichosema. Kama alivyosema."

Jaballa alijaribu. Alianza na jino, akafika kwenye mto. Akasema mtoto aliuliza kama Kuwait kuna samaki. Wajida akasema hapana, aliuliza mnaoga wapi. Jaballa akasema labda. Mwaka uliofuata alisema mluzi ulikuja mwisho, baada ya hesabu. Hilal, aliyekuwepo, hakukumbuka chochote ila chaki.

Viatu vya bluu vilimtosha Hilal alipofika miaka minane, na alivivaa mpaka vikatoboka, maana Wajida hakutaka viwekwe kabatini kama vitu vya maonyesho. Watu waliendelea kumwita Mama Rifaat. Alipoulizwa na mgeni Rifaat yuko wapi, alijibu kwa utulivu na kumkaribisha chai.

Siku za kuoka, Jaballa akiwa kazini na Hajja Shafika akiwa mbele ya tanuri, aliitoa kanda ya kijani na kuisikiliza. Sauti ya mumewe ilipofika kwenye hesabu, aliizima kidogo, akasema mwenyewe, polepole, kwa sauti ya darasani, "Saba mara nane." Kisha akabonyeza tena, akasikiliza mtoto wake akijibiwa.