Ekzosi Aliyoisikia Baba

Nyumbani kwetu Igogo, kuinamisha uso mbele ya mkubwa lilikuwa kosa. Watoto wa majirani walifundishwa kutazama chini wanapozungumza na wazazi wao, na wasichana wakapiga goti pia. Sisi baba alitutaka tuinue vichwa tumtazame. Ukimwamkia huku unachora vumbi kwa kidole cha mguu, hakuitikia. Ukizungumza umefunika mdomo kwa kiganja, kama wafanyavyo wasichana wenye haya, alifoka uutoe mkono. Bibi yetu mzaa baba kila alipovuka maji kutoka Sengerema kuja kutuona alishikwa na aibu. "Watoto wenu wananikodolea macho kama bundi," alimwambia mama. "Msukuma gani analea hivi?" Mama alicheka tu, akaendelea kuchambua mchicha.

Mimi ndiye mkubwa kati ya watoto wanne, na nina ulimi mkali tangu utotoni. Niliamini baba alitaka binti asiyeogopa watu, na kwamba binti huyo nilikuwa mimi. Niliringia jambo hilo sana. Ilinibidi niende kununua ekzosi ya pikipiki ndipo nijue kwamba miaka yote ile sikuwa nimeelewa kitu.

Baba alikuwa mfumaji katika kiwanda cha nguo. Aliingia kijana, akawekwa kwenye ukumbi wa mashine za kufuma, na humo akakaa mpaka mvi zikamwota. Siku moja, nikiwa bado mdogo, nilimpelekea chakula, na mlinzi akaniruhusu nifike mlangoni mwa ukumbi. Kelele za mashine zile zilinitetemesha hadi meno. Ndani humo hakuna aliyejisumbua kupaza sauti. Baba alifungua midomo taratibu kuelekea kwa mwenzake wa mashine ya mbali, mwenzake akacheka, naye akamjibu kwa midomo vilevile. Nilidhani ni mchezo wao. Nilirudi nyumbani nikawafundisha wadogo zangu, tukawa tunautumia kanisani mahubiri yakirefuka.

Kisha ikaja miaka ya soko huria. Mitumba ilimwagika mjini, kitenge cha kiwanda kikakosa mnunuzi, mashine zikasimama moja baada ya nyingine, na baba akapunguzwa kazini pamoja na wenzake. Walilitumia neno hilohilo, kupunguzwa, kama vile wale wanaume walikuwa chumvi iliyozidi kwenye mboga. Kwa kiinua mgongo chake alinunua pikipiki ndogo nyekundu ya Kijapani, iliyokwisha kuchakazwa na mtu mwingine, akaifungia keria pana nyuma na kuanza kuuza mitumba minadani. Alfajiri alivuka na kivuko cha Kamanga akiwa na furushi lake, jioni akarudi. Nguo zilizokiua kiwanda chake ndizo zilizotulisha. Jambo hilo liliniudhi mimi kuliko lilivyomuudhi yeye. Aliniambia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, akaendelea kukunja mashati.

Shida ilikuwa uendeshaji wake. Aliiendesha pikipiki ile kana kwamba ina gia moja. Injini ililia kutoka barabara kuu mpaka kwetu juu ya mawe, naye ametulia juu yake kama mtu aliyekaa kwenye kiti cha sebuleni. Fundi aliyekuwa akiitengeneza alimwonya. "Mzee, unaiua hii. Isikilize injini, ikilalamika panda gia." Baba alitikisa kichwa kukubali, na kesho yake mambo yakawa yaleyale. Mama alikuwa na hofu kwamba pikipiki ikifa hatutakuwa na namna nyingine ya kula, na alikuwa sahihi.

Halafu ekzosi, lile bomba la moshi, ikatobolewa na kutu. Tundu lilianza dogo, likawa kubwa, na pikipiki ikaanza kubweka. Igogo nyumba zimepanda mlimani katikati ya majabali, sauti ikiingia humo inarushwa jiwe hadi jiwe, kwa hiyo baba akiwa bado huko chini barabarani sisi tulikwisha kuweka maji ya ugali jikoni. Lakini ajabu ni kwamba alianza kuendesha vizuri. Gia zikawa zinapanda na kushuka mahali pake. Mama akasema amezoea. Sote tukasema amezoea.

Aliyeumia ni jirani yetu, nesi aliyefanya kazi zamu za usiku na kulala mchana. Alikuja kwa mama macho yamemwiva. "Mama nanihii, nimemwambia mzee kwa upole, nimemwambia kwa ukali. Ananipungia mkono, ananiambia karibu. Sikio la kufa halisikii dawa." Mama alimwomba radhi, akaahidi kwamba ekzosi itabadilishwa.

Haikuchukua muda, bomba lenyewe likakatika wakati baba anashuka kutoka kwenye kivuko. Alirudi amelifunga kwenye keria kwa mpira, pikipiki inanguruma kama lori la pamba. Mama aliniita pembeni. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nakaa nyumbani kusubiri matokeo. "Nenda naye kwa fundi," akaniambia, "uhakikishe anachukua ya kimya." Sikuuliza kwa nini mtu mzima apelekwe dukani na binti yake. Mama alikuwa na desturi ya kumtafutia baba mtu wa kwenda naye kila mahali penye maongezi mengi.

Fundi alikuwa na kibanda chake kando ya duka la spea. Alituwekea ekzosi tatu chini kwenye gunia. Ya kwanza ilikuwa orijino, imetolewa kwenye pikipiki kama yetu iliyokwisha kufa. Ya pili ilikuwa mpya, inang'aa, ya Taiwani, kama tulivyoita siku hizo kila kitu cha kuigiza. Ya tatu aliitengeneza mwenyewe kwa kuchomelea bomba la chuma, tupu ndani, haina chochote cha kuzuia sauti. "Hii ni ya wahuni," alisema, akaisogeza pembeni kwa mguu.

Akafunga orijino, akapiga kiki. Injini ikashika mara moja, laini, kama cherehani ya mtu anayejua kushona. Nilifurahi kwa ajili ya mama na kwa ajili ya nesi. Baba alikuwa amesimama hatua chache mbali, ameshika lile bomba bovu, anamtazama fundi usoni. Tukasubiri aseme neno. Naye alikuwa anasubiri.

"Vipi," akauliza, "haijawaka?"

Fundi alicheka. Alidhani mzee anatania, na mimi pia nilianza kucheka. Lakini baba hakucheka. Alitutazama mmoja baada ya mwingine, akasogea, akaweka kiganja juu ya tangi, na alipohisi mtetemo uso wake ukabadilika. "Hii mbovu," akasema haraka. "Haisikiki."

"Mzee, si ndiyo sifa yake?" fundi akasema, lakini alisema hivyo akiwa ameinama kuzima, na baba hakumjibu.

Pale pale mambo yote yakanijia kwa pamoja. Uso ulioinuliwa, kiganja kisichofunika mdomo, nesi anayelalamika na kukaribishwa. Mama akiomba chumvi na baba akileta maji, nasi tukiangua kicheko na kumwita mbishi. Kanisani alikuwa akisimama baada ya wengine kusimama, nasi tukisema ni uvivu. Nilikuwa nimeishi miaka yangu yote na mtu aliyekuwa akinisoma midomo, nami nikadhani ananisikia. Nilitamani nikae chini kwenye mafuta machafu ya fundi nilie, lakini baba alikuwa ananitazama, nikamtabasamia.

Fundi akafunga ile ya Taiwani. Hii ilikuwa na sauti kidogo, ya kukereketa. Baba aliinamisha kichwa upande, akakunja paji la uso, kama mtu anayemtafuta ndugu yake katikati ya watu wengi sokoni. "Kwa mbali," akasema.

Mimi ndiye niliyeinyooshea kidole ile ya tatu. Ilipowaka, mama lishe wa jirani alifunika sufuria zake na kututukana. Baba alisimama wima. Alitabasamu kwanza kwa macho, halafu uso mzima. Akapanda, akapiga resi, akaachia, akapiga tena, akiisikiliza inavyopanda na kushuka. "Hii inasema," akaniambia kwa sauti ya mtu mwenye furaha. Sikuwa nimemwona na uso ule tangu kiwanda kifungwe.

Fundi alinisogelea. "Dada, na hii trafiki watamsumbua mzee."

Nikampa baba mgongo ili asiuone mdomo wangu. "Mfungie hiyohiyo," nikasema. "Asipoisikia atakufa barabarani."

Tulipanda mlima kurudi nyumbani, mimi nyuma nimeshika keria, mawe yakitujibu kila kona. Mama alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni. Alisubiri baba aingie ndani ndipo akasema. "Nilikwambia ya kimya."

"Ya kimya haisikii," nikamjibu.

Mama akakaa kwenye kigoda, akachukua kisu na kurudi kwenye viazi vyake. Nilimuuliza amejua tangu lini. "Tangu huyu kitinda mimba wetu azaliwe," alisema. "Alikuwa akilia karibu na sikio lake, na baba yako amelala. Sauti ya mtoto huyu hajawahi kuisikia." Akamenya kiazi akakimaliza. "Taa ikizimwa, mimi na baba yako hatuna maongezi tena. Nikikumbuka neno gizani, naliweka mpaka kupambazuke."

Sisi watoto tulikuwa tukinung'unika kwamba chumbani kwao wanachoma mafuta ya taa bure.

Nikamuuliza kwa nini hawakutuambia. Mama alisema kule kiwandani aliyejulikana haisikii vizuri mashine yake aliogopa kuondolewa, kwa hiyo wafumaji walificha, na baba alificha mpaka kuficha kukawa tabia. "Na wewe usimwambie kwamba unajua," aliniambia. "Mwache awe baba."

"Na siku asipoisikia hii?" nikauliza. Mama akachukua kiazi kingine.

Nilikwenda kwa nesi siku hiyohiyo nikamweleza. Yeye ni mtu wa hospitali, alielewa kabla sijamaliza, akaanza kulia yeye badala yangu. Tangu hapo alilala na pamba masikioni, na mtu mwingine akilalamika juu ya pikipiki ya mzee ni yeye aliyemkatiza. Watu wa mtaani walimpa baba majina ya kila aina. Yeye aliwapungia mkono, akawakaribisha, akapanda gia na kwenda zake kivukoni. Hivyo tukaishi miaka kadhaa, miaka mizuri nikiihesabu sasa, ingawa kila jioni nilikuwa nikiusikiliza mlima kama mtu anayesubiri matokeo ya hospitali. Gia ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikisikia zimebadilika vizuri, nilishusha pumzi.

Kisha zikaanza kukosea. Kidogo tu mwanzoni, injini ikilia kwa muda mrefu pale kwenye kona ya jabali la chini kabla hajapanda gia. Mama alikuwa akisikia, mimi nilikuwa nikisikia, na hatukutazamana.

Jioni moja ya masika baba alirudi kutoka mnadani na nanasi la Sengerema mkononi. Aliegesha pikipiki uani, akaingia, akampa mama nanasi, akanawa mikono na kukaa mkekani penye chakula. Ufunguo aliuacha palepale kwenye pikipiki, na pikipiki ilikuwa inawaka. Ekzosi ile ya wahuni ilikuwa inanguruma hatua tatu kutoka mlangoni. Vifuniko vya sufuria vilikuwa vikitetemeka rafuni. Wadogo zangu walinitazama, nami nikamtazama mama, na mama akaendelea kupakua ugali.

"Tusali," baba alisema, au nadhani alisema hivyo, kwa sababu hatukusikia. Aliunganisha mikono akaanza kusali. Ilikuwa sala yake ya siku zote, ya kushukuru kwa safari na kwa chakula, na hakuna hata mmoja wetu aliyefumba macho. Tulimsoma midomo. Ilipotulia, tukasema Amina.

Niliinuka nikatoka uani nikazima. Kimya kilichofuata kilikuwa kizito, nikasikia mpaka mbuzi wa jirani akitafuna majani. Niliporudi, ufunguo ulikuwa mkononi mwangu, na baba akauona. Akautazama ufunguo, akautazama mlango, kisha nyuso zetu moja baada ya nyingine, kama alivyotutazama mimi na fundi siku ile.

"Ilikuwa inawaka?" akauliza.

Nilijibu nikiwa nimeinamisha uso. Sikuweza vinginevyo. Ulimi wangu wote mkali ulikuwa umekauka, nikawa nautazama mkeka kama binti mwema wa Kisukuma ambaye bibi alimtaka siku zote.

"Nitazame," baba akasema. Hakufoka safari hii. "Nitazame, mwanangu, nikusikie."

Nikainua uso. "Ndiyo, baba," nikasema taratibu, kwa midomo yote. "Ilikuwa inawaka."

Akanyoosha mkono nikampa ufunguo. Akaufuta vumbi kwa pindo la shati lake, akampa mama, kisha akavuta sahani ya ugali katikati ili wadogo zangu waifikie.