Chai ya Mama Kulwa

Mama yetu, Bi Kijakazi, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa akiuza vitumbua Kalangalala, hapa mjini Geita, kwenye kona ya kuelekea msikitini. Watu wengi walimjua kwa vitumbua. Sisi wa nyumbani tulimjua kwa chai yake isiyo na sukari, na nataka kuieleza chai hiyo kabla sijaanza kusahau, maana ndiyo iliyomfikisha Maka.

Ilikuwa Ramadhani, tumemaliza kufuturu. Mama alikunja mkeka, akasema, "Baba Kulwa, nataka kwenda Hija kabla magoti hayajaniacha."

Baba, Mzee Abdulwahab, ni fundi cherehani. Alitua kikombe chake. "Kwa vitumbua?"

"Kwa vitumbua, na kwa vile tutakavyoacha kula."

Kesho yake sukari ilihama nyumbani kwetu. Ya biashara ilibaki, lakini aliifungia sandukuni, na ukimwomba kijiko alikujibu, "Hiyo ni ya wateja. Una hela?" Mkate nao ukaondoka, tukawa tunakunywa chai kwa michembe, vile viazi vitamu vya kukausha juani alivyotuletea shangazi kutoka Masumbwe. King'amuzi kiliishiwa malipo na hakuna aliyekilipia tena. Nyama tuliiona Ijumaa. Kilichotutesa zaidi ni jiko. Mama aliacha kununua mkaa akaanza kupikia pumba za mpunga, ambazo kwenye mashine za kukoboa zinatupwa bure. Alishindilia pumba kwenye kopo kubwa, katikati amesimamisha chupa, kisha akaichomoa ili tundu lake lipitishe moto. Likikubali, linawaka vizuri sana. Likikataa, nyumba nzima inalia.

"Mama Kulwa," baba alisema siku moja huku akijifuta machozi, "tunapika au tunafukuza mbu?"

"Vyote viwili. Umeona faida?"

Baba alikuwa mpenzi wa sukari kuliko sisi watoto. Alivumilia, nasi tukamsifu, mpaka asubuhi ambayo sisimizi walipanga mstari kutoka mlangoni hadi kwenye droo ya cherehani yake. Mama aliifungua. Kati ya vifungo na vibobini kulikuwa na kifuko cha sukari kimefungwa kwa uzi wa kushonea.

"Baba Kulwa, siku hizi unashona keki?"

Baba aliinamisha kichwa akacheka mpaka akakohoa. Mama naye alicheka, lakini kifuko alikichukua, akakimimina kwenye unga wa vitumbua mbele ya macho yake.

Mimi ni Doto. Kulwa ni pacha wangu, na wakati huo alikuwa machimboni upande wa Mbogwe, akichimba dhahabu kwenye mashimo wanayoyaita maduara. Mama alimwombea kila baada ya swala, kwa sauti, akimtaja kwa jina, kwa sababu machimbo humeza watu. Siku moja akaja kwa pikipiki, viatu vipya, uso unang'aa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Umekonda."

"Nimekonda lakini duara limetema, mama! Tumepata dhahabu." Akaweka bahasha mkekani. "Hii ni nauli yako ya Maka. Yote. Funga hilo jiko la moshi, mwaka huu unakwenda."

Baba aliinuka kitini. Mimi nilianza kulia kwa furaha, maana magoti ya mama yalikuwa yamefika mahali pa kuswali ameketi, na akiba yake haikuwa imefika hata nusu. Mama peke yake hakusogea.

"Duara hilo lilikaa kimya muda mrefu," alisema. "Mlifanyaje likatema?"

Kulwa akakuna shingo. "Wenzangu walileta mganga. Mambo ya kawaida tu ya machimboni, mama."

"Mlichinja?"

"Kondoo mweusi."

"Kwa jina la nani?"

 Kulwa akasema mganga ndiye aliyetamka maneno, yeye alishika miguu tu.

Mama aliisukuma bahasha taratibu mpaka ikamfikia Kulwa magotini. "Nikisimama kule niseme 'Labeka, nimeitika', nitakuwa nimepelekwa na nani? Chukua, mwanangu. Ule kwanza, ndipo uondoke."

"Mbona hela za wachimbaji unazipokea kila asubuhi?" Kulwa alipaza sauti. "Vitumbua unamuuzia nani? Masheikh?"

"Nawauzia kitumbua kwa bei ya kitumbua. Hela zao zilikotoka sikujui. Wewe nimekuuliza, na nimejua."

Kulwa aliondoka bila kula. Usiku ule baba alijaribu kumwambia mama kwamba Mungu ni mwingi wa rehema na magoti hayangoji. Mama akajibu, "Basi nitakwenda nikitambaa," na hatukurudia tena habari hiyo.

Hela ile Kulwa aliifukia kwenye duara jingine, ambalo halikutema kitu. Alirudi nyumbani kwa basi, viatu vikiwa vile vile, vimechanika. Mama alimpa michembe na chai. Alipoonja tu akakunja uso.

"Mama, hii chai ni adhabu."

"Ni nauli. Ukitaka kunisaidia, kaniletee pumba. Hizo nazijua zinakotoka."

Tangu hapo Kulwa ndiye aliyekuwa akienda mashineni na baiskeli, akirudi na magunia marefu kuliko yeye, nywele zimejaa vumbi. Alipata kazi ya kukoboa hapohapo mashineni, na kila malipo yake alimpa mama sehemu. Mama alizipokea kwa mikono miwili.

Ilichukua miaka, lakini alikwenda. Mjomba Bashiri, kaka yake wa Kahama, alikuwa anasafiri mwaka huo, akawa maharimu wake, ndugu wa kiume wa kuandamana naye. Kule alizunguka Kaaba kwenye kiti cha magurudumu, akisukumwa na mjomba. Aliporudi na maji ya Zamzam, Kulwa alimuuliza, "Uliniombea nini?"

"Niliomba usimame pale nilipokaa mimi."

Mwaka huu, mwezi wa Shaaban, mama alifariki. Tulimkafini kwa kitambaa alichokuja nacho kutoka kule. Watu wa Kalangalala walikuja wengi, na kama ilivyo desturi, kila mtu alikuja na chochote mkononi. Wengi walileta sukari. Ilijaa pembeni, mifuko juu ya mifuko, ndani ya nyumba ambayo kwa miaka haikujua sukari.

Baada ya khitma, wageni walipopungua, Kulwa aliwasha jiko la pumba, kwa sababu alijua kulishindilia kama mama. Akamimina chai vikombe vitatu. Nikafungua mfuko mmoja, nikachukua kijiko, nikaanza na kikombe cha baba.

Baba alifunika kikombe kwa kiganja.

"Ipelekeni madrasa, watoto wakoroge uji," alisema, macho yake mekundu, na haukuwa moshi. "Sisi bado tuna mtu wa kusafirisha." Akamtazama Kulwa.

Kulwa aliinua kikombe chake, akanywa yote bila kukunja uso.